Sketi ya Wavu Bombani

Mjukuu wangu Zainabu,

Huku kwetu Koboko tu wazima. Mguu wa babu yako umepona. Umeuliza kama uvae sketi yako ya baleti mitaani, maana unaogopa kuchekwa.

Mwaka tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo, nikiwa mtoto, niliipata yangu kwenye mitumba: ya wavu, ya rangi ya waridi, imesimama kiunoni. Mama alitaka kuikata iwe vitambaa vya kusugulia sufuria. Nikaivaa kwenda naye bombani.

“Wewe iko mutoto ao iko bata?” jirani akauliza.

Nikazunguka kumwonyesha. Mama akacheka hadi akatua ndoo. Tangu tukimbie vita sikuwa nimesikia kicheko chake.

“Zunguka tena,” akasema, “nione nyuma.”

Hakuikata. Niliivaa hadi ikachakaa.

Vaa yako, mama. Wakicheka, sikiliza kwanza ni kicheko gani.

Bibi yako anayekukumbuka,
Hawa