Kofia Uliyonivua Thamesmead

Shemegi yangu mpendwa (mpendwa wa kwenye karatasi tu),

Unaikumbuka Jumapili ile hapa kwangu Thamesmead, uliponikalisha kifua wazi mbele ya hita? Ulikuwa ukichora Wahimba wa Namibia kwa kuangalizia vitabu vya laibrari. Wanawake wao, wamejipaka samli na udongo mwekundu, walikutoka vizuri, sikatai. Ukakosa mzee. Ukaniona mie.

"Vua kofia, shemegi, unaniharibia Afrika!"

Dada yako alicheka hata akamwaga chai.

Siku ya maonyesho ya picha zako tukaja, mie na yeye, tumepiga pasi. Mama mmoja wa Namibia akaitazama picha, akanitazama mie, akanishika mkono.

"Pole sana, baba, kwa msiba."

Msiba upi? Akatueleza: kwao Wahimba, mwanamume mwenye mke hufunika kichwa. Akikiacha wazi, kafiwa.

Dada yako akaruka. "Nani kafa? Si mie huyu hapa!"

Nawe, msomi wetu, ukatazama viatu.

Ukanipa picha ile kuniomba radhi. Nikachukua rangi nyeusi ya viatu, nikampiga yule mzee kilemba mpaka kwenye nyusi. Ulivyoona ulilia, mwanamume mzima! Dada yako akasema, "Alhamdulillahi, nimefufuka."

Mwaka huu kafa kweli. Kutoka kwako Ilford mpaka hapa si safari ya kuagana na watu, lakini mazikoni sikukuona, hitimani sikukuona, simu hukupiga. Juzi ndiyo ukapiga: "Shemegi, ile picha ya Mhimba bado unayo? Nataka kuisafisha, kuna watu wanaiulizia." Jina la dada yako hata kulitaja hukulitaja.

Ninayo. Nimeitundika chooni. Rangi ya viatu haitoki, nimejaribu, na nimefurahi haitoki. Siileti wala siitumi. Uje mwenyewe.

Nitakufungulia mlango kichwa wazi. Kofia niliivua siku tuliyomzika na sijaivaa tena, na baridi hii ya Landani inaning'ata upara. Utasimama papo hapo kizingitini, utanitazama kichwa, utanambia neno aliloniambia yule mama wa Namibia asiyenijua. Neno moja tu. Likikukwama, picha itabaki chooni, na kila nikikaa nitamwambia yule mzee: huyo aliyekuchora, mpaka leo hajajua kusema pole.

Mie,
mume wa dada yako