Baiskeli ya Baba Imerudi

Shangazi Tatu,

Shikamoo. Marahaba yako naijua ilivyo, ndefu na yenye kicheko mwishoni, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako na sasa naendelea.

Leo ni Ijumaa. Baba amerudi msikitini, amekaa barazani, anaipaka mafuta baiskeli. Ndiyo, ile ile uliyoondoka nayo. Hakuna anayeipanda. Mwenyewe haoni vizuri siku hizi, mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, na mume wangu akithubutu kuigusa anaambiwa akanunue ya kwake. Lakini kila Ijumaa cheni inafutwa kwa kitambaa, mafuta yanapakwa, kisha Baba anapiga kengele mara tatu. Mara tatu, kama ulivyokuwa ukipiga wewe ukifika. Mimi jikoni nasimama na mwiko mkononi mpaka inyamaze.

Nimekukumbuka, Shangazi. Nakukumbuka mpaka nakasirika, kwa sababu hakuna wa kumkasirikia.

Unakumbuka ulivyojifunza kuipanda? Baba alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha pamba amechoka, akilala tu wewe unaitoa baiskeli yake taratibu kama mwizi. Mtaa mzima wa Shinyanga uliongea. Dada wa mtu anayeheshimika, juu ya baiskeli ya kiume, kanga umeikaza katikati ya miguu kama mtu anayevuka mto. Bibi mmoja alikuuliza, "Mayu, mama, huoni aibu?" Ukamjibu, "Aibu naiona, bibi, ila iko nyuma sana, hainifikii." Nilikuwa nimekaa kwenye keria nimekukumbatia kiuno, na nilihisi tumbo lako likicheka.

Siku ile ya mnadani, njia ya Kishapu, tulianguka mchangani, unga ukamwagika, mwiba ukaingia kwenye tairi. Tulirudi tunaisukuma, tunatafuna michembe ya viazi vikavu, wewe unaimba. Ulinifundisha cha kusema nyumbani: unga ulikuwa adimu. Baba alitazama vumbi kwenye nywele zetu akasema, "Naona hata mchanga ulikuwa wa bure leo." Mkacheka wote wawili. Hivyo ndivyo mlivyokuwa, kaka na dada, kabla ya yote.

Sitayarudia yale ya ndoa yako. Mumeo alitaka mke wa kukaa ndani, na Mungu hakukuumba wa kukaa ndani. Ulipodai talaka, Baba alisimama upande wa mumeo, akasema dada yake harudi nyumbani kama mzigo uliokataliwa sokoni. Asubuhi ya pili ulipanda lori la kwenda Geita, na baiskeli ya Baba ukaipandisha juu ya magunia. Nilikuwa na miaka kumi. Ulinishika shavu ukasema, "Mwambie nimeiazima." Nilimwambia. Akaapa mbele ya jirani zetu kwamba mguu wake hautakanyaga nyumbani kwako.

Miaka ikapita. Watu wakahamishiwa vijijini, vita vya Kagera vikaja vikaisha, sabuni ikaadimika, na jina lako nyumbani kwetu likaadimika kuliko sabuni.

Kisha nikawa mwalimu, nikatumwa Geita kusimamia mitihani, nikakutafuta mpaka Katoro. Nilikukuta umesimama kati ya masufuria, wachimbaji wenye vumbi jekundu hadi kwenye kope wamepanga mstari, nawe unawafokea na kuwapakulia kwa wakati mmoja. Ulikuwa umenenepa. Ulikuwa umeolewa tena, umefiwa, na ulisema ukipata wa tatu utamwambia mapema kwamba unakoroma. Ulicheza ngoma kila harusi iliyopita mbele yako, hata ya watu usiowajua. Ulinipa ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki, ukanitazama nikila kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa unashiba.

Halafu ukanipeleka nyuma ya nyumba. Baiskeli ilikuwa chini ya upenu, imefunikwa gunia, safi, inang'aa. Ukasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile:

"Unadhani niliichukua ili niwe na baiskeli? Niliichukua ili aje kuidai. Namjua kaka yangu. Angekuja anafoka, nami ningemwekea ugali kabla hajamaliza kufoka. Sasa nimechoka kumngoja. Mwambie namwita. Baiskeli yake ipo, aje aichukue mwenyewe, ale na ugali."

Nikasema, "Nitamwambia, Shangazi."

Sikumwambia.

Acha niliseme lilivyo. Nilikuwa nangoja ridhaa yake niolewe na Sefu, na Baba alikuwa bado anajiuma midomo. Niliogopa kutaja jina lako akakataa vyote viwili. Nikasema nikishaolewa. Nikaolewa, bila shangazi wa kunifunda wala wa kunipigia vigelegele mlangoni. Nikasema nikishajifungua. Nikajifungua. Nikasema mvua zikiisha, barabara zikikauka. Ukapata homa ya siku tatu, na dereva wa lori akatuletea habari ukiwa umeshazikwa.

 Baba aliingia ndani, akatoka amevaa kanzu, akasimama barabarani. Tulidandia lori la pamba, tukapita Kahama, tukapita Runzewe, na njia yote alishika tasbihi bila kuhesabu.

Tulifika siku ya hitima. Watu wakasoma, wakala, na Baba akakaa mkekani na wanaume uani kwako, miguu ameikunja sana, kama mtu anayekumbuka kiapo. Ndipo Bi Mwajabu akaanza. Jirani yako yule Mzaramo, muuza vitumbua, mliyekuwa mkitukanana asubuhi na kupelekeana chakula jioni. Sisi asili yetu Unyamwezi, na Mnyamwezi akifa Mzaramo haombi ruhusa ya kufanya utani. Alivaa kanga yako ya njano, akafunga kilemba upande kama wewe, akaitoa baiskeli chini ya upenu, akazunguka nayo uani. Shingo ameinyoosha kama wewe. Akapiga kengele mara tatu. Wanawake tulicheka huku tunalia, maana alikuwa wewe mtupu.

Lakini Baba haoni vizuri. Alisikia kengele, akaona njano inapita kwenye jua, akainuka. Tasbihi ikaanguka. Akaita, "Tatu?"

Kicheko kikakatika. Mtu mwingine angeshuka na kuomba radhi, ila mtani akishaanza haachi njiani. Bi Mwajabu alifunga breki mbele yake, akasema kwa sauti yako, "Kaka, nimekutunzia baiskeli miaka yote hii. Nimekuita, hukuja. Leo umekuja kumsalimia nani?"

Mtani hakasirikiwi, mtani hujibiwa. Baba alinyoosha mkono akapapasa usukani. Mwisho akasema, "Nimekuja kula ugali."

Wakamletea. Ulikuwa umeshapoa. Aliketi kizingitini kwako akaula wote, machozi yakimdondoka mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Tulirudi na baiskeli juu ya lori, ameishikilia usukani kama mtoto asianguke. Karibu na Kahama ndipo aliponiuliza. "Yule Mzaramo kasema niliitwa. Ule ni utani tu, sivyo?"

Nikajibu, "Ni utani tu, Baba."

Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nilidanganya. Nilikukana, Shangazi, nikiwa nimejitanda kanga yako ile ile ya njano, waliyonigawia mimi kwa kuwa ulinipenda.

Sasa kila Ijumaa akishapiga kengele anasema peke yake, "Angeniita ningekwenda." Halisemi kwa hasira. Analisema kama mtu anayejipangia mahali pa kuweka mzigo, na pale anapouweka ni kwako. Anaamini ulikufa humtaki. Nimelisikia neno hilo tangu uzikwe mpaka mwanangu, anayejifunza kusema, naye ameanza kulirudia barazani.

Kwa hiyo nimekuandikia. Mwanzoni nilitaka kuikunja barua hii niiweke chini ya kanga zangu, kama watu wanavyofanya. Lakini Baba hawezi kusoma tena. Kila karatasi inayoingia nyumba hii namsomea mimi, ya serikali, ya ndugu, hata ya dawa. Hii nayo nitamsomea. Nakuahidi sitaruka mstari, hata ule wa Sefu, hata ule wa Kahama. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki, na nitakumbuka kwamba kufukuzwa hakukukuzuia wewe kuishi.

Kaburi lako nitalipalilia mvua zikiisha, na safari hii zikiisha nitakuja kweli. Mungu akulaze panapo nafasi, panapo watu, maana kimya hukukizoea.

Ameshapiga kengele ya tatu. Natoka na kigoda changu, nikae karibu naye. Kwaheri, Shangazi yangu. Ulimwita, na leo atasikia.

Mwanao,
Zuhura