Nilizipiga Plasta Herufi za Binti Yangu

Mshauri, shikamoo. Naomba msaada. Kuandika siwezi sana, nivumilie.

Mimi ni saidia fundi, nakaa Kishanda, Muleba. Mke wangu Judica alifariki mwaka jana. Binti yetu Kokuhirwa yuko Bukoba, anachapa jezi na stika za bodaboda. Ana herufi zake, amezibuni mwenyewe A mpaka Z, ziko kwenye kompyuta. Nene, zimeinama mbele kama mtu anakimbia. Hata mitumbwi ya kisiwani Goziba inazo.

Tulipojengea kaburi pale kibanjani, kwenye migomba yetu, akaja na rangi, akaandika jina la mama yake kwa herufi hizo hizo. Shemeji yangu Mwijage akacheka, "Shemeji, dada yetu amesajiliwa timu gani?" Watu wote wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikachukua mwiko, nikapiga plasta juu, rangi bado mbichi, na mtoto anaangalia. Akasema, "Tata, ngoja nikwambie." Nikamwambia nyamaza, mama yako si jezi. Akafunga brashi zake akaondoka.

Miezi minne hapokei simu.

Juzi jirani yetu Clotilda, yeye ndiye alikuwa anamuuguza Judica, akaniambia Judica alizichagua mwenyewe. Mtoto alimwonyesha kwenye simu, mgonjwa akasema, "Nimechoka kulala hapa. Jina langu niandikie hizi zinazokimbia."

Mimi sikujua. Sasa nikipita pale naona simenti tu. Nigongoe plasta? Au nimtume mchungaji akaongee naye?

Josia, Kishanda

JIBU

Josia, marahaba, na pole kwa kufiwa. Lakini nikuulize: aliyekutania ni shemeji, mbona uliyemfokea ni mtoto? Naye kafiwa na mama. Alikuja kutimiza alichoombwa, wewe ukamfunga mdomo mbele ya watu. Unasema hukujua. Ungejuaje, na ulimwambia anyamaze?

Nyundo weka chini. Ukigongoa, plasta itabanduka na rangi yake, utakuwa umemfutia mara ya pili. Mchungaji naye mwache, hakushika mwiko yeye.

Panda basi mwenyewe uende Bukoba. Ingia anapofanyia kazi, hata kama kuna wateja, maana ulimwaibisha mbele ya watu. Mwambie, "Nimekosa, mwanangu. Clotilda ameniambia." Habari za Mwijage na vicheko usizilete, huko ni kujitetea. Kisha kaa kimya. Yale uliyomkataza kusema pale kaburini, ayaseme yote, hata yakikuuma.

Kuandika upya usimwombe siku hiyo. Akitaka atasema mwenyewe, na akisema, kazi yako ni kumshikia kopo la rangi.

Akikufukuza, ondoka bila kelele. Jumamosi inayofuata panda basi tena.

Shangazi Mastura