Diwani, Vita vya Iraki na Jeneza la Babu

Linah uko? Usipige simu. Bado niko Tongaren kwa mazishi ya babu, nimejificha nyuma ya stoo ya mahindi.

Si unajua mimi ndiye nilikuwa MC? Basi mimi ndiye nilimpa diwani maiki. Nikamwambia dakika mbili tu mheshimiwa, jua ni kali.

Dakika arobaini bana! Na babu hakutajwa hata mara moja. Ni Iraki tu. Ati Amerika ikianza kupiga mabomu, wadi yetu iko macho. Ati anafuatilia kwa redio tangu Januari. Ati tuinue mikono kupinga vita. Na tukainua! Hata pasta.

Sasa kukhu akasimama. Unamjua nyanya yangu. Hakutaka maiki.

"Diwani, leo vijana wamevua viatu wakavuka mto na jeneza la mzee wangu mabegani, kwa sababu lile daraja ulituahidi mpaka leo ni mbao mbili. Hao Waamerika wakija, watapitia wapi?"

Linah, hata kwaya iliacha kujipepea na vitabu vya nyimbo.

Diwani akatabasamu. "Asante mama. Ndiyo maana sijalijenga. Huo ni ulinzi."

Na watu wakapiga makofi. Makofi, Linah! Mbele ya jeneza!

Kukhu ananitafuta na fimbo yake. Aliona ni nani alianza hayo makofi. Ni mimi bana. Mazoea ya u-MC.