Matuta Juu ya Nyumba ya Uzazi

Lubumbashi, Naviundu

Mdogo wangu Joséphine,

Nakusalimu, nikiomba barua hii iwakute bado Kasomeno, wewe na binti yako Clarisse. Mgongo wako umepoa? Mtoto wa Clarisse anacheza tumboni? Huku kifua kinanibana, na daktari haniangalii tena machoni anapoongea nami. Kwa hiyo nikuambie sasa: nimekuficha jambo juu ya paa la nyumba ya uzazi, na nimelificha ndani ya neno moja.

Unalijua paa lile. Nililichora mimi, kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu: zege bapa, kokoto za kupitisha maji, udongo mwepesi usiozidi kimo cha kiganja, mboga fupi, na juu yake paneli za jua. Mboga hupoza paneli, paneli huzipa mboga kivuli. Tangu mapigano yakate umeme wa mji, hapo tu ndipo mtaani kwetu penye taa ya kuzalishia. Ndiyo maana nilikuandikia umlete Clarisse ajifungulie huku.

Lakini njaa imeingia. Malori ya unga hayafiki. Akina mama wakatazama lile paa wakaona shamba. Wakapandisha udongo wa kichuguu, beseni kwa beseni, wakainua matuta ya viazi vitamu kama wanavyofanya nyuma ya nyumba zao. Udongo ule ni mzuri kwa tofali na kwa viazi. Juu ya zege ni hatari: hunywa maji ukawa mzito, na ulaini wake huziba kokoto.

Mkunga mkuu, Mama Véro, aliingiwa na wasiwasi, akanijia nyumbani.

"Papa ingénieur, panda uangalie. Ni wewe njo ulichora."

Kesho yake akaniuliza, "Ulipanda?"

"Nilipanda."

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

Nawe ulipoandika kuuliza kama paa ni salama, nilikujibu vilevile: nimepanda, usihofu.

Juzi mvua ya kwanza ikanyesha. Nilijikongoja kwa fimbo hadi mlango wa chumba cha kuzalishia, nikaona tone likianguka kutoka darini, halafu jingine, na ufa mwembamba uliopita juu ya kitanda kwa urefu. Nikamwambia Mama Véro awahamishie wagonjwa barazani na udongo ushushwe. Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Papa, tukitosha hii viazi kule juu, bantu batakula nini? Tukule panneau? Shi ulipandaka wewe mwenyewe, ukasema iko muzuri? Ni uzee inakuogopesha."

Nikageuka na fimbo yangu, nikarudi nyumbani.

Leo mbingu imekuwa nyeusi tena. Joséphine, msipande lori la kuja huku. Zahanati ya Kasomeno haina taa, najua, na kuzalishwa gizani kunanitisha kama unavyotishika wewe. Lakini juu yake hakuna matuta. Nimelipima hili mpaka kichwa kinauma, na bado sijui kama nakosea tena. Kaeni huko hadi mpate habari yangu.

Dereva anayeleta barua hii yuko nje anafunga mizigo. Kabla sijampa, nitakwenda kumsomea Mama Véro yote niliyoandika, mpaka mstari wa mwisho, ili neno langu la kwanza lisiendelee kuwashikilia watu chini ya paa lile.

Nisalimie shemeji, mumeo, kule Kilwa yetu ya ziwani, asiingie majini askari wakiwa ufukweni. Msalimie mama mkwe wa Clarisse anayewapa malazi. Clarisse mwambie mjomba wake anampenda.

Siku ile Mama Véro aliponiomba nipande, nilifika chini ya ngazi, pumzi ikaniishia, nikaketi. Pembeni palikuwa na beseni la udongo lililosubiri kupandishwa. Nikachomeka humo vipande vya matembele, ili nitakapoulizwa nisiwe nimesema uongo.

Nilipanda matembele, dada. Ngazi sikuipanda.

Kaka yako,
Anaclet