Picha ya Bikira Kichwani kwa Dada

Jumatatu, 5 Oktoba 1987
Nimekamua ng'ombe. Nimekunywa uji. Mnunuzi wa Nairobi amekuja tena, ametazama picha yangu ya Bikira kwa kioo cha kukuza. Imechorwa kwenye ubao, imepasuka kidogo. Padri alinipaga zamani, siku anarudi kwao Ulaya, kwa sababu hakuna aliyempigia kasia ziwani kama mimi. Mnunuzi anasema ina miaka mia tatu. Ila hajui ni mkono wa mchoraji mkubwa wa Italia au wa mwanafunzi wake. Mimi najua. Padri hawezi kunipa kazi ya mwanafunzi.
Atarudi Ijumaa na hela, halafu Nairobi moja kwa moja.
Nitanunua mashine ya kusaga. Nimeiona Bunda, siku hizi vitu vimerudi madukani. Kilabuni nimeshawatangazia wote.

Jumanne
Nimeenda Musoma mjini kutafuta gunia safi la kufungia picha. Narudi, ukuta mtupu! Mke wangu ameipeleka kwa dada Nyanjura. Homa imemzidi. Hapa Nyegina mgonjwa mahututi anawekewa ile picha kichwani, na haitolewi mpaka ainuke au azikwe. Anayeitoa kabla, watu wanasema amemmaliza mgonjwa. Hata mimi nimesemaga hivyo, kwa sauti.
Sijala. Hasira.

Jumatano
Dada hajainuka. Ndiye alinilea mama alipokufa. Kwa ubishi ananishinda, yeye peke yake wilaya nzima.
Nimeomba apone kabla ya Ijumaa. Apone au. Siandiki.

Alhamisi
Naandika. Apone au afe. Ndivyo nilivyoomba. Mimi Mafuru, kwa ajili ya mashine.
Kilabuni wananitania. "Mzee Mashine, mihogo tulete lini?" Nimemmwagia mmoja pombe.

Ijumaa
Mnunuzi amefika asubuhi. Nimempeleka kwa dada. Akasimama mlangoni akatazama picha, mgonjwa hamtazami. Akasema itoe sasa hivi, safari ni ndefu. Mke wangu akaanza kulia.
Dada akafungua macho. "Mafuru, toa huo ubao ukanunue mashine yako. Nikifa, nimekufa kwa homa."
Nikaishika picha. Nzito.
"Toa basi. Unaogopa nini?"
Tangu utotoni ananiamrisha! Nikasema sitoi. Akasema toa. Nikasema sitoi, na usiniambie tena.
Mnunuzi akaongeza bei. Nikaiachia picha pale pale kichwani. Akakasirika, akasema hata hivyo labda ni ya mwanafunzi tu.
"Mwanafunzi ni wewe," nikamwambia. "Toka."
Gari likaondoka na vumbi lake. Dada akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikamwinua. Mwepesi kama kifaranga. Niliogopa sana.
"Mjinga wewe," akasema.
Sikubisha.

Jumamosi
Homa ile ile. Watu wameniuliza mashine. Nimesema hakuna mashine. Basi.

Jumapili
Misa sikwenda. Dada amekunywa mchuzi wa visamaki vya furu, akalalamika hauna chumvi. Kisha akalala. Mke wangu naye kalala mkekani, amechoka. Nimekaa mlangoni, nafukuza kuku wasipige kelele.