Mguu wa Mtani

Jumatatu, 14 Julai

Chai, muhogo, kisha wodi. Huu ni mwezi wa tatu tangu niletwe hospitali hii ya Mikumi. Afisa ustawi wa jamii wa kwanza kukaa hapa, na bado wanadhani nimekuja kusuluhisha ndoa. Leo muuguzi mmoja amenivuta pembeni nimtafutie baba mtoto wake aliyeingia mitini. Nikamweleza kazi yangu ni wagonjwa: nani hana ndugu, nani anakataa matibabu, na kwa nini. Akasema kwa nini gani tena, ni ubishi tu.

Mimi siamini ubishi mtupu. Hata mbuzi akigoma ana lake.

Kwenye kitanda cha dirishani yupo Mzee Salehe, mkulima wa Masanze, Kilosa. Kisukari kimemla mguu wa kulia. Daktari anataka kuukata chini ya goti kabla uozo haujapanda. Mzee anasema hapana. Haongezi neno.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwamkia kwa adabu zangu zote. Wenzangu wote huwaitikia marahaba. Mimi alisoma jina langu kifuani, Kalunde, akasema: "Mnyamwezi wewe! Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wakatumalizia maji kisimani."

Nimeumia, sitaficha. Nikasema samahani, babu. Akageukia dirishani kama niliyemuudhi ni mimi.

Jumatano, 16 Julai

Shikamoo tena. Safari hii aliuliza kama nimekula kwetu au nangoja uji wa wagonjwa. Muuguzi anasema kwa wengine ni mpole kama maji ya mtungini. Kwa nini mimi tu? Na baada ya kutukana ananitazama usoni, anasubiri. Anasubiri nini?

Alhamisi, 17 Julai

Homa imepanda. Daktari anasema tukivuka Jumamosi hakuna mguu wala mtu.

Mwanawe, Ramadhani, ameshinda kwenye benchi la nje. Nilimuuliza kama amemwambia baba yake kwamba atakufa. Alinishangaa. Baba anaambiwaje neno kama hilo? Daktari naye ni kijana, anamwita mzee wangu, anaongea huku anatazama sakafu. Nami na shikamoo zangu. Adabu itamuua huyu mzee, na sote tutakuwa tumemheshimu sana. Nimekasirika.

Jioni nilimpigia mama nimlalamikie matusi. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Wasagara ni watani wetu!

Utani naujua. Nimekulia Mbagala katikati ya Wazaramo, na kwenye harusi ya dada yangu walibeba sufuria la pilau mchana kweupe kwa kuwa ni watani. Lakini Wasagara sikujua. Kumbe tangu Jumanne mzee ananipigia hodi, na mimi namjibu kwa shikamoo. Mjinga mimi!

Mtani ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia chochote; hata msibani hulala kaburini mpaka apewe kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Sikuamkia. Nilisimama mbele ya kitanda, nikapaza sauti: "Msagara! Kufa upesi basi! Jogoo wako nimeshamchagua. Na nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka wanikabidhi."

Muuguzi aliangusha trei. Ramadhani alisimama mlangoni mdomo wazi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka. "Umechelewa wapi, mbeba mizigo?"

Nikakaa kitandani pake, jambo ambalo jana nisingethubutu. Nikamuuliza mguu huo anaung'ang'ania wa nini, hata fisi hautaki. Akajibu huku bado anacheka, ila macho hayakucheka: "Mtauchoma. Lile tanuri lenu la nyuma nauona moshi wake hapa dirishani. Mguu umenipeleka shamba, umenipeleka msikitini. Leo uchomwe pamoja na sindano chafu?"

Basi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulimweleza kisu, ganzi, goti. Unakokwenda mguu hatukumwambia.

Nilikwenda kwa daktari mbio. Je, ndugu wanaweza kupewa mguu wakauzike? Hakujua. Mganga mkuu alisema kwake hapo swali hilo halijawahi kuletwa. Nikasema ndiyo maana nipo. Mchana kutwa mlango huu na ule, nimesimama nimeganda mpaka wakaitikia. Mzee ameridhia. Kesho asubuhi.

Jumamosi, 19 Julai

Amekatwa. Yu hai. Nimelia chooni.

Alipozinduka alinituma Masanze. Mazishi bila mtani si mazishi, alisema, hata ya nusu mguu. Nilikwenda na Ramadhani, mguu umefungwa vizuri kwenye nguo nyeupe. Shimo dogo pembeni ya makaburi ya wazee wao. Wanaume wanne, hawajui washike huzuni ipi.

Kwa hiyo nikaketi ukingoni, miguu yangu shimoni. Nikasema siondoki bila changu. Wote wakacheka, na kazi ikawa nyepesi. Ramadhani alitia mkono kwenye mfuko wa rambo akatoa katambuga moja, sandali ya tairi, ya kulia.

"Baba anasema mtani apewe hii. Babu zake walipita pekupeku."

Nikaipokea. Nikatoka.

Jumatatu, 21 Julai

Homa imeshuka. Mzee amekunywa uji wote. Muuguzi yule wa baba mtoto amenionyesha mama wa kitanda cha nne anayetema vidonge. Akauliza, sauti ya chini, unadhani ni kwa nini?

Katambuga ipo chini ya meza yangu. Mzee alitaka kujua kama inanitosha. Nikamwambia imenizidi sana.

Akasema nitakua tu.